Habari za Kipupwe: Baridi ya Nchi Yetu Si Moja

(Maneno yaliyosemwa na karani mmoja mbele ya wazee, walimu na wazazi wa Mahurunga, mwanzo wa mwezi wa Juni.)



Nimeombwa na walimu niseme maneno machache juu ya baridi. Huenda mtu akacheka moyoni na kusema, "Baridi gani ya kutuhubiria sisi tukaao penye joto mwaka mzima?" Lakini sababu ya kuombwa ni hii. Majina ya vijana waliochaguliwa kuingia kidato cha tano hutangazwa karibu na siku hizi, na katika miaka ya karibuni wamekuwa wakiitwa shuleni mwezi wa Julai. Serikali haiwapeleki wote karibu na kwao. Kijana wa Mahurunga aweza kuitwa Songea, au Njombe, au Makete, au Mbeya, au Dodoma, au hata Bukoba. Na Julai ndio mwezi wa baridi kuu katika sehemu nyingi za nchi yetu. Basi mtoto aliyezaliwa kando ya Ruvuma, ambaye tangu kuzaliwa hajapata kulala chini ya blanketi zito, huteremka katika basi usiku, mahali asipopajua, amevaa shati jepesi na ndara. Mambo yawezayo kumpata baada ya hapo ndiyo yaliyonileta mbele yenu.

Neno langu ni moja tu. Majira ni yale yale katika nchi nzima, lakini baridi si moja. Ajuaye hali ya mahali aendapo hujiandaa akasalimika; asiyejua huadhibiwa na kitu ambacho kwa wenyeji wa huko ni neema.

SABABU YA KIPUPWE

Kwanza tuulize, baridi hii yatoka wapi? Watu wengi hudhani ya kuwa sababu yake ni umbali wa jua. Sivyo. Dunia huzunguka jua kwa muda wa mwaka mmoja, nayo imeinama kidogo, mfano wa pia inayoanza kulegea. Kwa sababu ya kuinama huko, miezi mingine jua humulika zaidi upande wa kusini, na miezi mingine upande wa kaskazini. Ifikapo tarehe 21 Juni, au karibu yake, jua la adhuhuri huwa utosini mwa watu wa kusini ya Misri. Sisi wa Mahurunga, tulio yapata digrii 10 na nusu kusini ya Ikweta, siku hiyo twaliona jua limeegemea kaskazini, na kivuli cha mnazi wakati wa adhuhuri chalala upande wa kusini. Tena mchana wa Juni ni mfupi kuliko mchana wa Desemba kwa kiasi cha saa moja. Jua likija kwa mshazari, na tena kwa muda mfupi, halina nguvu ya kuipasha nchi joto kama lijapo wima.

Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili bila gharama yoyote. Na wasimamishe mti ulionyoka uwanjani mwa shule, wapime kivuli chake saa sita mchana kila Ijumaa, na kuandika urefu wake daftarini. Mwaka ukiisha watoto watakuwa wameona kwa macho yao mwendo wa jua. Ndipo watakapoelewa kwa nini watu wa Ulaya wana theluji Desemba wakati sisi twatoka jasho, nao wana joto Julai wakati sisi twatafuta shuka.

Sababu ya pili ni upepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, katika bahari ya mbali ambako wakati huo ni baridi kuliko kwetu. Huanza yapata Aprili, hupata nguvu Juni na Julai, kisha hulegea, mpaka kaskazi ishike zamu yake mwezi wa Desemba. Wavuvi wa Msimbati hawahitaji kufundishwa na karani habari za kusi. Wao wajua siku za kutoka na siku za kuvuta chombo pwani. Zamani majahazi yaliyotaka kurudi Arabuni yalipelekwa na upepo huu huu.

KIPUPWE CHA MAHURUNGA

Hapa kwetu kipupwe ni majira ya kuburudika. Mvua zimekwisha, mpunga wa bondeni umevunwa, na asubuhi ukungu hutanda juu ya mto hata ng'ambo ya Msumbiji haionekani. Alfajiri kipimo cha joto katika pwani ya Mtwara huonyesha yapata digrii 19 au 20 za sentigredi, na adhuhuri hupanda hata 28 au 29. Wazee huota jua ukutani, akina mama hujitanda kanga mbili, na watoto hulia wakiogeshwa asubuhi; lakini ikifika saa nne kila mtu amekwisha kusahau. Hiyo ndiyo baridi tuijuayo, nasi huiita baridi kwa kuwa hatuna nyingine.

Kwa wasio na kipimo cha zebaki, kipo kipimo katika kila nyumba ya hapa, nacho ni chupa ya mafuta ya nazi. Mafuta haya huganda joto likipungua chini ya digrii 24 au 25. Katika kipupwe, alfajiri huyakuta meupe na mazito kama samli. Jua likipanda huyeyuka yakawa maji tena. Tafadhalini ikumbukeni chupa hii, kwa maana nitasafiri nayo katika maneno yangu yote.

KUUFUATA MTO

Maji yapitayo hapa kwenda baharini yametoka mbali. Ruvuma huanza katika milima ya Matogoro, karibu na mji wa Songea, nao husafiri yapata kilometa 800 kabla ya kufika kwetu. Kijana aendaye Songea kwa njia ya Masasi na Tunduru kwa kweli anapanda kuelekea chimbuko la mto wake, ingawa haoni maji. Siku hizi njia hiyo ina lami, nasi twashukuru. Lakini hapo ndipo ilipoingia hatari ambayo babu zetu hawakuwa nayo. Msafiri wa miguu alipanda kidogo kidogo kwa majuma mengi. Mwili ulizoea, na kila alipolala wenyeji walimwambia hali ya mbele. Sasa kijana hunywa uji asubuhi katika joto la pwani, na usiku wa siku ile ile ameshuka penye baridi, wala hakuna aliyemwambia neno.

Yafaa basi kila mtu aijue kanuni hii: apandapo mtu meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, joto hupungua yapata digrii 6. Hesabu yake yaweza kuandikwa ubaoni. Tuseme Mahurunga alfajiri ni digrii 20. Songea iko zaidi ya meta 1,100 juu ya bahari. Toa 7, zabaki 13. Njombe iko karibu meta 2,000. Toa 12, zabaki 8. Uwanda wa Kitulo, upande wa Makete na Mbeya, uko meta 2,600 na zaidi. Toa 16, zabaki 4. Ile chupa ya mafuta, ambayo Mahurunga huyeyuka kabla ya adhuhuri, Songea katika Julai yahitaji kuwekwa juani hasa. Na Njombe hubaki imeganda kutwa nzima, mpaka mwenyewe aisogeze karibu na moto.

Walakini hesabu hii yatupa wastani tu. Usiku mmoja mmoja waweza kuwa mkali kuliko hapo. Mawingu ni blanketi la nchi. Usiku wenye mawingu, joto ambalo ardhi ililipata mchana huzuiwa lisipotee upesi. Usiku usio na wingu wala upepo, joto lote hupaa, na hewa ya baridi, ambayo ni nzito, hutelemka na kutuama mabondeni kama maji. Kwa ajili hiyo yaweza kutokea mkulima wa kilimani akaamka salama, na jirani yake wa bondeni, hatua mia chache tu chini, akakuta shamba lake limeungua.

Kuungua kwa baridi ni neno geni kwetu, kwa hiyo nitalieleza. Joto likifikia digrii 0 umande huganda juu ya majani, ukawa mweupe kama chumvi iliyonyunyizwa. Hiyo huitwa sakitu. Huonekana Kitulo, na Makete, na baadhi ya miaka katika mabonde ya Njombe na Mufindi. Maji yaliyo ndani ya jani huganda, huvimba, na kulipasua. Jua likitoka, jani la kiazi hunyauka na kuwa jeusi kama lililopitiwa na moto. Mimi niliyekulia kwenye mikoko, nilipotumwa kazini nyanda za juu niliona nyasi zikivunjika chini ya kiatu asubuhi kama vipande vya kioo, na karibu yangu watoto wa shule wakipita wamevaa kofia za sufu, wakicheka na kusukumana, kana kwamba hapana jambo lolote. Kwao halikuwa jambo. Walikuwa na nguo zake, na nyumba zake, na desturi zake.

MLIMA AMBAO WATU HAWAKUUSADIKI

Hakuna mahali katika nchi yetu panapoonyesha ugumu wa kuamini baridi usiyoiona kama Kilimanjaro, ambao kilele chake kiko meta 5,895. Mwezi wa Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea upande wa Mombasa, aliona weupe juu ya mlima ule. Alimwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Kiongozi hakuwa na neno la theluji, basi akajibu kwa neno alilokuwa nalo, akasema ni baridi. Jibu lilikuwa kweli tupu. Lakini habari ilipofika Ulaya, walikuwako wataalamu wa jiografia, miongoni mwao William Cooley wa London, waliokataa kabisa kwamba theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta. Wakabishana kwa miaka mingi na mtu aliyeiona kwa macho. Wasomi wale waliipima Afrika yote kwa wazo moja la joto. Nasi tusiucheke ujinga wao sana, maana mzazi wa pwani asemaye, "Ni Tanzania hii hii, sweta ya nini?" anafanya kosa lile lile.

Nikiwa hapo niongeze kwamba barafu ya Kilimanjaro imepungua mno. Zaidi ya robo tatu ya ile iliyokuwako mwaka 1912 imekwisha kuyeyuka.

PANDE NYINGINE ZA NCHI

Nchi yetu ina zaidi ya kilometa za mraba 940,000, na yaanzia karibu na digrii 1 kusini ya Ikweta hata karibu digrii 12. Haifai basi kudhani kwamba njia ya kwenda penye baridi ni ya Njombe peke yake, wala kwamba kila penye mlima ni sawasawa.

Dodoma iko yapata meta 1,100, sawa na Songea karibu, lakini hali yake ni nyingine. Katika Juni na Julai hapana mvua, anga ni jeupe, na upepo mkavu huvuma kutwa. Mchana jua hupasha hata digrii 26, na ile chupa ya mafuta huyeyuka; usiku joto hushuka upesi, na midomo ya mgeni hupasuka kwa ukavu. Aendaye huko achukue koti la jioni na mafuta ya kujipaka.

Moshi, Arusha na Lushoto baridi yake ni ya mawingu. Siku nyingi za Juni na Julai mawingu hukaa juu ya milima, manyunyu huanguka, na jua halionekani mpaka mchana. Kipimo hakishuki sana kama Makete, ila nguo iliyofuliwa haikauki, na baridi yenye unyevu huingia mwilini.

Bukoba nako ni ajabu nyingine. Mji ule uko juu kuliko Mahurunga kwa zaidi ya meta 1,100, lakini uko karibu na Ikweta na kando ya Ziwa Viktoria. Mwezi wa joto na mwezi wa baridi hutofautiana kwa digrii chache tu, na mvua hunyesha katika sehemu kubwa ya mwaka. Mtoto apelekwaye huko ahitaji mwavuli na viatu vizuri kuliko blanketi la pili.

Na Mbeya, iliyo yapata meta 1,700, usiku wa Julai huteremka chini ya digrii 10 kama ada. Aendaye Mbeya ajiandae kama aendaye Njombe.

BARIDI NI MALI

Nisingependa mwondoke hapa mkiiona baridi kama adui. Baridi ni mali, na sisi wa Mtwara tungepaswa kulijua hilo kuliko wengi.

Mkorosho, mti ambao Wareno waliuleta Msumbiji kutoka Brazil katika karne ya 16, huchanua katika majira haya ya ukavu na ubaridi. Maua huanza Juni, hukolea Julai na Agosti, na korosho huanguka kuanzia Septemba na kuendelea. Mvua ikinyesha juu ya maua, mavuno huharibika. Kwa hiyo kipupwe hiki kikavu ndicho kinacholipa ada za shule na mabati ya nyumba zetu. Lakini kina mwiba wake. Asubuhi za ubaridi na umande ndizo zinazoupenda ugonjwa wa ubwiri unga, ambao ulienea katika mikorosho ya nchi hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni kuvu nyeupe kama unga, inayofunika maua na majani machanga, na maua hukauka yasizae. Wataalamu wa Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, waliutafiti na kufundisha wakulima kupuliza unga wa salfa alfajiri, wakati upepo umetulia na umande ungali juu ya majani. Mkulima anayelala mpaka jua lichomoze kwa sababu ya baridi hulilipia blanketi lake kwa magunia ya korosho.

Nyanda za juu nazo zina mali yao. Pareto, ua litoalo dawa ya kuulia wadudu, haliwezi kuchanua vema pasipo majuma ya baridi. Matufaha ya Makete na Njombe hutaka baridi ili miti ipumzike kabla ya kuchipua tena. Chai ya Mufindi katika miezi hii huchipua polepole, na wachumaji hupata majani machache mpaka joto lirudi. Hivyo upepo mmoja wa kusi humpa Mmakonde ua la korosho, humpa Mkinga ua la pareto, na kumpunguzia mchuma chai wa Mufindi kazi yake.

HATARI TATU

Sasa nafika penye jambo lililo zito kuliko yote. Mimi ni karani, si tabibu. Lakini haya yote matabibu huyafundisha, na kila mzazi apaswa kuyajua.

Hatari ya kwanza ni mkaa. Mgeni akishikwa na baridi usiku, wazo la kwanza ni kuingiza jiko la mkaa chumbani, kufunga mlango na madirisha, na kulala. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi, wala harufu, wala haimkohoi mtu kama moshi. Mwenye kuivuta huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na asipoondolewa haamki tena. Watu wa kila umri wamekufa hivyo, nyumba nzima kwa usiku mmoja. Vijana wanaopanga chumba karibu na shule ndio walio katika hatari kubwa, kwa kuwa hapana mtu mzima wa kuwakataza. Nawasihi, mwambieni mtoto neno hili kabla ya kumpa nauli: jiko hukaa nje usiku, hata kama makaa yanaonekana kuwa majivu. Ni heri kutetemeka mpaka asubuhi.

Hatari ya pili ni kichomi. Baridi yenyewe si kijidudu, lakini katika miezi ya baridi watu hujifungia wengi katika chumba kimoja, hewa haipiti, na kikohozi cha mmoja huwa cha wote. Watoto wadogo na wazee ndio waanguka kwanza. Mtoto mchanga akipumua kwa haraka, mbavu zikiingia ndani kila avutapo pumzi, au akishindwa kunyonya, asingojewe mpaka kesho; apelekwe kwa mganga wa zahanati saa ile ile. Tangu mwaka 2013 chanjo ya kukinga kichomi hutolewa kwa watoto wachanga katika nchi yetu, na mama asiikose.

Wazee wetu waliijua hatari hii kwa gharama kubwa. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 wanaume wengi mno wa Afrika ya Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, wakapitishwa mabondeni na milimani bila nguo za kutosha wala chakula cha kutosha. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi wao si kwa risasi, bali kwa kuhara, kwa malaria na kwa kichomi. Mto huu wetu waliuvuka wengi ambao hawakurudi.

Hatari ya tatu ni ya kuchanganya baridi na homa. Mbu huweza kumwuma mtoto hapa Mahurunga usiku wa kuamkia safari. Malaria haitokei siku ile. Hukaa mwilini juma moja, au mawili, au hata zaidi, ndipo ianze. Wakati huo mtoto yuko Makete. Anatetemeka, na wenzake wanamwambia, "Wewe ni mtu wa pwani, hujazoea baridi," wanamfunika blanketi, naye anaendelea kuungua ndani. Huko juu malaria ni chache, hivyo mwalimu naye huenda asiifikirie. Basi kijana afundishwe kusema wazi mbele ya mganga, "Nimetoka mahali penye malaria hivi karibuni," ili apimwe damu. Maneno hayo machache yaweza kuokoa uhai wake.

Tena atakaporudi likizo baada ya miezi mingi ya kuishi pasipo mbu wale, mwili wake utakuwa umepoteza sehemu ya kinga aliyokuwa nayo. Asijivune kuwa ni mwenyeji. Alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza.

YATUPASAYO KUTENDA

Ninyi wazazi mwenye mtoto aendaye nyanda za juu, wekeni katika sanduku lake vitu hivi kabla ya vitu vya fahari: blanketi moja zito, au mawili mepesi, sweta mbili, hata kama ni za mtumba, soksi za sufu, viatu vya kufunika mguu mzima, na kofia. Sweta moja nzito haifai kama nguo mbili au tatu zilizovaliwa pamoja, kwa kuwa hewa iliyoshikwa kati ya nguo ndiyo izuiayo baridi. Nguo mbichi ivuliwe upesi. Na nguo ya kwanza ya baridi isiwekwe chini kabisa ya sanduku, bali mkononi, ili ivaliwe ndani ya basi kabla ya kushuka. Asiye na uwezo wa yote haya aanze na blanketi. Mengine yatapatikana kwa bei nafuu katika masoko ya huko, ambako watu wote huyauza kwa kuwa wote huyavaa.

Ninyi walimu, afadhali somo hili lisingoje majina kutangazwa. Darasa zima liijue ile hesabu ya digrii 6 kwa kila meta 1,000, na ramani ya nchi ionyeshe urefu wa mahali juu ya bahari, si mipaka ya mikoa tu. Mtoto ajuaye kusoma urefu huo aweza mwenyewe kubashiri nguo atakazohitaji mahali ambapo hajapata kupaona.

Ninyi viongozi wa kijiji, katika kila kijiji wamo watu waliokaa Songea, au Njombe, au Mbeya, kwa kazi au kwa biashara. Waiteni siku moja kabla ya vijana kuondoka, wakae nao barazani na kuwaeleza. Dakika thelathini za mtu aliyefika zafaa kuliko karatasi nyingi.

Na neno moja la haki kwa wageni wetu. Serikali hutuletea walimu na waganga kutoka nyanda za juu. Wakifika Julai hutushangaa tukijifunika shuka, wakasema hapa hapana baridi. Tusiwacheke ifikapo Novemba, joto linapowazuia kulala na mbu wakiwaandama, na mwili wao hauna kinga ya malaria kabisa. Tuwaonyeshe nyumba ipatayo upepo wa bahari, tuwahimize kulala ndani ya chandarua, na wakipata homa tuwapeleke wapimwe mapema. Hivyo ndivyo tungependa watu wa Makete wawatendee watoto wetu.

Mabwana na mabibi, waliosema tahadhari kabla ya hatari hawakukosea. Blanketi bei yake yajulikana, na mtoto hana bei. Kama kuna mzazi ambaye mtoto wake ameitwa mahali asipopajua, na aniletee jina la mji. Tutautafuta pamoja katika ramani, tutaangalia urefu wake, na kupiga hesabu. Mlango wangu u wazi kila jioni mpaka siku ya mabasi.